Barafu ya Chumvi Shavuni kwa Marcellin

Mimi barafu yangu ni ya samaki. Niseme hilo mapema, maana hapa Kasongo kila mwenye mdomo sasa anaeleza barafu ya Djamila ni ya nini.

Ninavyoitengeneza si siri. Nachukua chupa nene za plastiki, natia maji na chumvi ya kiasi, kwani ikizidi maji hayagandi. Sijazi hadi shingoni, maana maji yakiganda huvimba na kupasua chupa. Kila shingo naifunga uzi mwekundu, mtoto asije akanywa. Friji yangu ya sola ikishazigandisha, samaki wa Nyangwe wanafika nazo hadi Wamaza juu ya pikipiki, wakiwa wagumu bado. Zikiyeyuka, nazigandisha tena. Tangu nifiwe na mume, hizo chupa ndizo zinazonilisha mimi na binti yangu Latifa.

Basi jirani yangu Marcellin akafa. Sisi Waislamu, mtu akifa asubuhi, alasiri tumeshamzika. Wao, Wakristo, walitaka kumngoja Serge, mtoto wao wa pekee, aliyekuwa Kindu.

"Musimuzike baba mbele nifike," Serge alisema kwenye simu. "Niko mu njia."

Njia gani, Mungu ndiye ajuaye. Kesho yake alikuwa bado mu njia, na kesho kutwa vilevile. Joto halimngoji mtu. Mjane, Léocadie, akaja kwangu akilia. Tumekaa ua kwa ua miaka na miaka, tumeazimana chumvi na moto, na watoto wetu wamenyonya popote walipopata titi.

"Mama Latifa, Serge anataka kuona tu uso ya baba yake. Unisaidie."

Nikampa chupa zote. Samaki wa juma lile nikawaachia wengine. Nilikwenda mwenyewe kumpanga marehemu, nikafunga kila chupa kwa kitambaa.

"Mama Serge, usiweke chupa ku ngozi. Hii iko na chumvi, iko baridi kupita barafu ya maji. Itamuunguza."

"Nimesikia."

Hatimaye Serge akafika, viatu vinang'aa kama mtu aliyetoka harusini. Akafunua shuka. Shavu moja la baba yake lilikuwa limekauka jeusi, kama ngozi ya ndizi iliyosahauliwa juani. Chupa ilikuwa imelazwa palepale bila kitambaa, na vitambaa vyangu vimekunjwa vizuri chini ya kitanda.

"Baba hakukuwa na hii alama! Nani alitia sumu mu hii maji?"

Watu wote wakanigeukia. Mimi nikamgeukia Léocadie. Neno lake moja tu lingetosha. Akainamisha kichwa akalia kwa sauti, na wale waliokuwa na shaka, shaka ikawatoka. Yaani aliyechelewa ndiye akawa hakimu, na mimi niliyemlinda baba yake nikawa mchawi! Shukrani ya punda ni mateke, tunasema, lakini punda walau akikupiga teke halii.

Baada ya mazishi Léocadie alipita nyuma ya ua, akichungulia kama mwizi wa kuku.

"Ni mimi nilitoa kitambaa," alisema. "Niliona uso inaanza kubadilika. Nikawaza kitambaa ndio inazuia baridi."

"Najua. Kaseme mbele ya watu."

"Nikisema, ndugu za bwana watasema nilimuunguza. Watanifukuza mu nyumba."

"Na mimi nitakula nini?"

"Watu watasahau, dada."

Nilimhurumia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilimhurumia, nikafunga mdomo wangu kumlinda mtu asiyenilinda.

Zile chupa zote nilizichoma kiwanjani, watu wakiona. Nikanunua mpya. Lakini sokoni wanawake walipita meza yangu wakivuta watoto wao mikono. Samaki wakaniozea. Nikaacha kabisa barafu, nikaanza kuleta kambale hai kutoka Nyangwe ndani ya beseni la maji, nikitumaini hapo hakuna wa kuuliza sumu.

Siku moja ya soko kubwa nikamwona Léocadie akija na mashemeji zake. Akinunua samaki mmoja tu, nilijua, soko lote litamwona mjane wa Marcellin akinunua kwangu, na maneno yatakwisha bila yeye kutamka lolote.

"Karibu, Mama Serge!" nikaita kwa nguvu. "Chagua."

Akasimama. Akatazama beseni, akawatazama mashemeji. Kisha akachukua ncha ya kitenge chake akaziba pua, akapita.

Kambale wangu walikuwa bado wanaogelea.