Septemba Ndio Mwezi Wenu

Wanjugu alifika ofisini saa tano asubuhi, Ijumaa tarehe kumi na mbili Septemba, ameshika karatasi ya daftari yenye majina ya watu arobaini na saizi zao za fulana.

"Wakili, mwezi wetu si ndio huu?" alisema, akiiweka karatasi mezani. "Nimeandika kila mtu. Wenye vitambi nimewapa kubwa kabisa. Wamenikasirikia, lakini nimeandika."

Wanyonyi alicheka. Alikuwa katibu wa chama cha mawakili wa mazingira mjini Nakuru, mwaka wake wa kwanza, na aliipenda kazi hiyo hasa kwa ajili ya watu kama huyu mama. Akafungua faili la mama huyo ili aiingize karatasi ya fulana, na macho yakaangukia nakala ya leseni: kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, hatua mia mbili kutoka kitalu cha sukuma wiki cha Wanjugu, na hatua chache zaidi kutoka kisima wanachonywea majirani zake huko nje ya Bahati. Leseni ilitolewa tarehe kumi na nne Julai.

Akahesabu. Akahesabu tena kwa vidole, kama mtoto wa chekechea. Anayepinga leseni hupewa siku sitini za kukata rufaa. Siku ya sitini ilikuwa leo, na masjala ya rufaa ilipokea hati mpaka saa kumi jioni.

"Mathe, kaa hapo," alisema. "Usitoke."

Chama kilikuwa na kalenda. Ilichapishwa kila Januari kwenye karatasi nzito inayong'aa, na kila mwezi ulikuwa na shughuli yake moja, basi. Machi walipanda miche Menengai, wakapigwa picha. Aprili miche ilikauka, lakini Aprili ilikuwa ya mashindano ya insha, kwa hiyo hakuna aliyepanda mlima kuitazama. Juni, semina Naivasha. Julai, gofu. Agosti, mapumziko. Wanjugu alipokuja Julai na leseni mkononi, mwenyekiti wao, Wakili Muiruri, aliitazama kalenda, leseni hakuitazama. "Haki kwa jamii ni Septemba," alimwambia. "Septemba ndio mwezi wenu, mama." Mawakili sita walikuwa mezani, watu ambao wakimkuta mwenzao amechelewesha hati siku moja humrukia mbele ya hakimu kama mbwa wa lango. Hata mmoja hakuhesabu. Na kumbukumbu za kikao ziliandikwa na Wanyonyi mwenyewe: *Suala limezingatiwa.*

Neno safi. Likishaandikwa, hakuna anayeulizwa tena. Wanyonyi alikuwa amelitumia mara kumi na tisa mwaka huo.

Alisukuma mlango wa chumba cha mikutano. Muiruri na Jackie, msimamizi wa hafla, walikuwa wametandaza fulana mbili mezani, ya kijani na ya samawati.

"Katibu, umefika wakati mzuri," Muiruri alisema. "Ipi inatoka vizuri kwa picha?"

"Rufaa ya Bahati inakufa leo saa kumi."

"Hafla ya Bahati ni tarehe ishirini na sita. Hema limeshalipiwa."

"Sheria haikuulizwa kuhusu hema, Mwenyekiti! Siku sitini zinaisha leo. Leo! Tarehe ishirini na sita tutakuwa tunawavisha watu fulana juu ya kesi iliyokufa."

Jackie aliishusha ile ya kijani polepole. "Si tutaomba muda uongezwe?"

"Kwa sababu gani? Tuseme tulikuwa gofu?"

Muiruri alivua miwani. "Punguza sauti. Chama hakiwezi kushtaki bila azimio la kamati, na kamati inaitwa kwa notisi ya siku saba. Wewe ndiye katibu, unajua."

"Najua. Sihitaji chama, nitasaini mwenyewe."

"Kijana, ukisaini mwenyewe uko mwenyewe. Gharama ikija, usitutaje. Na mwaka ujao usitegemee kiti hicho."

"Kiti chukua hata sasa, ukitaka uweke na mto juu yake."

Akatoka bila kufunga mlango.

Aliandika kwa hasira, vidole vikigonga kompyuta kama vinagonga mlango wa mdeni. Kisima. Kitalu. Moshi wa majaribio uliounguza majani ya sukuma mwezi Juni. Kikao cha maoni ya umma ambacho hakuna jirani hata mmoja aliyewahi kukisikia. Wanjugu alijibu kila swali bila kusita, akasaini kila ukurasa kwa mwandiko mkubwa wa shule ya zamani. Saa nane mtandao ukakatika. Wanyonyi akatukana, akawasha wa simu yake. Saa tisa na dakika hamsini masjala ikajibu: hati imepokelewa. Na nambari ya kesi.

Aliegemea kiti.

"Sasa nieleze," Wanjugu alisema. "Mbona tumekimbizwa hivi, na mimi nimekuja tangu Julai?"

Angeweza kumtaja Muiruri, na isingekuwa uongo.

"Siku zilikuwa zinahesabiwa tangu Julai, na hatukuzihesabu," alisema. "Na mimi ndiye niliyeandika kwamba suala lenu limezingatiwa. Hatukuwa tumefanya chochote."

"Wewe."

"Mimi."

"Watu arobaini nimewanyamazisha miezi miwili. Walitaka kwenda kuziba barabara ya lori, nikawaambia tulieni, mawakili wako kazini. Mke wa ndugu yangu aliniambia nimenunuliwa. Nimetukanwa kanisani kwa ajili yako!" Sauti yake ilipasuka, akaikaza. "Kumbe ulikuwa unaandika tu."

Wanjugu alifunga mkoba wake, akasimama. "Jumapili baada ya ibada tunakutana kwa kisima. Utakuja, utasimama mbele yao, utasema hivyo ulivyoniambia. Maneno hayo hayo. Wakikupigia kelele, utasikiliza mpaka wamalize."

"Nitakuja."

"Na uje bila fulana," alisema, akatoka.