Wageni wa Mchoraji

Jumatatu asubuhi mchoraji alipiga magoti mbele ya benki, akamalizia pweza kwenye mdomo wa mtaro wa maji ya mvua. Baraza la mji lilikuwa limempa mitaro kumi na miwili aichoree viumbe wa baharini na kuandika: USITUPE TAKA, MAJI HAYA YANAENDA BAHARINI. Mkono wake ulikuwa mzuri, hata mahasidi walikubali. Kisha akaosha brashi kwenye kopo la mafuta ya taa, na machafu yake akayamwaga mtaroni, kama alivyofundishwa na fundi wake.

Jumanne michoro ikaanza kutembea. Aliyetupa taka mtaroni aliamka akakuta mmoja amelala bapa mlangoni kwake, akimtazama. Kinyozi alimpata pweza, kwa sababu ya nywele alizokuwa akizitupa mtaroni. Mwalimu mkuu alimpata papa, akamfunika kwa mkeka. Watu waliwaruka wakaenda kazini, na saa sita michoro ilirudi mitaroni. Mchoraji alimcheka kinyozi mpaka mbavu zikamuuma.

Alhamisi mkewe akafungua mlango. "Mume wangu, njoo. Una wageni."

Walikuwa wote kumi na wawili, matumbo juu, rangi zimewababuka. Kasa alikuwa anahema.

"Mkuki kwa nguruwe, eh?" mkewe akasema. "Umewafanya nini?"

"Nimewachora."

"Sikukuuliza hilo."

Alitamani wamtukane, amalizane nao, lakini walimtazama tu. Aibu ilimshika hata akatokea mlango wa nyuma wa nyumba yake mwenyewe. Alikwenda moja kwa moja kwa bwana afya wa baraza, akakiri yote, kopo kwa kopo, miaka ishirini na mitatu.

Bwana afya alimsikiliza hadi mwisho, akaandika: *Michoro imechakaa. Irudiwe.*

"Na machafu ya brashi nimwage wapi, mzee?"

Bwana afya alifikiri sana. "Palepale, fundi. Kwani kuna pengine?"

Ijumaa akawachora upya, mmoja mmoja, kwa upole kama anayemwogesha mgonjwa. Kasa alikuwa wa mwisho. Alipomaliza, akasimama na kopo lake mkononi, machozi yakimlenga.

"Nisamehe, mama," akamwambia.

Kasa akasogea kidogo kumpisha, naye akamwaga.