Jiko Lililoinuliwa

Kila asubuhi, katika taasisi moja iliyowakutanisha wataalamu wa fani mbalimbali, mwanasosholojia ndiye aliyeosha vikombe vya wote. Siku hiyo alikuwa bado ana povu mikononi mkurugenzi alipoingiza wageni kuwaonyesha jiko jipya walilolibuni.

"Nani aliwaza kuliinua hivi?" mgeni mmoja akauliza.

"Ni hesabu tu, mama," mhandisi akajibu, kifua mbele.

Damu ikamchemka binti wa watu aliyekuwa akiosha vikombe. Hesabu hizohizo ndizo zilizoliweka jiko la kwanza chini, watoto wakaungua. Alipowaletea wahandisi malalamiko ya akina mama waliolitumia, walimbandika jina la Bibi Huruma.

Akakitua kikombe.

"Kaka, usiwadanganye wageni. Akina mama ndio waliosema liinuliwe. Mimi niliwaambieni, mkanicheka."