Dereva Mia Nne Sabini

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Rwamba alikuwa ameisikia methali hiyo tangu darasa la tatu, na bado asubuhi ile alitazama orodha ya madereva kwenye kompyuta yake, akaona nambari mia tano thelathini na tano ndiyo kubwa kuliko zote, akaibonyeza bila kumuuliza mtu. Kompyuta ikazima, ikawaka, kisha kioo kikabaki cheusi tititi. Mwalimu mzima wa jiografia, jamani.

Dereva, kwa watu wa kompyuta, si mtu wa kushika usukani. Ni programu inayoiongoza kadi ya picha, ile inayochora kila kitu unachokiona kwenye kioo. Kompyuta ya Rwamba ilitupwa na shule kwa uzee. Yeye akaiokota, akaiwekea Linux, mfumo ambao mtu yeyote anaweza kuufungua aone ulivyoundwa, nayo ikainuka kama ng'ombe aliyelambishwa chumvi. Walimu wenzake hapo Karurumo walimcheka, akawaacha wacheke.

Siku hiyo lakini hakuwa na nafasi ya kuchekwa. Chumba cha pili cha nyumba yake ya shuleni alikuwa ameketi mama yake, Ciakuthii, aliyeletwa jana kutoka Kiambere. Jicho lake la kushoto lilizima mwaka juzi. La kulia lilikuwa limebakiwa na kitundu tu cha mwanga, na kesho madaktari wa Embu wangelipasua. Walisema wazi: huenda likapona, huenda lisione tena. Saa nane mchana Muchangi, kaka yake Rwamba, angefika na gari kumchukua mama.

Na ndani ya kompyuta hiyo iliyogoma kulikuwa na boma la Ciakuthii, lile alilolelewa, lililomezwa na maji bwawa lilipojazwa. Kwa miezi saba Rwamba alikuwa amelijenga upya kwa picha ambazo mtu anaweza kutembea ndani yake: ghala la mtama, mti wa mukau langoni, njia ya kuteremka hadi Thagana, kama mama anavyouita mto Tana. Kila kitu alimuuliza mama kidogo kidogo, bila kumwambia sababu. Alitaka mama alione boma leo, jicho likiwa bado lina mwanga. Hilo tu.

Shida ni kwamba dereva wa kwanza, yule huria, aliye wazi kama Linux yenyewe na anayekuja nayo, aliipeleka picha kwa kurukaruka. Jana jioni alipomwonyesha mama kipande kidogo cha kujaribia, mama alifumba jicho akasema kichwa kinamzunguka. Ndiyo maana Rwamba akakimbilia nambari kubwa.

Saa nne akampigia simu Gatakaa. Hawakuwa wamewahi kuonana ana kwa ana. Walijuana kwenye kundi la simu la watu wa Linux wa Meru na Embu, na Rwamba alijua tu kwamba Gatakaa ni mwanamke aliyewahi kuwa karani, kwamba sasa hutengeneza kompyuta katika chumba cha kupanga nyuma ya bucha huko Majengo, Meru, na kwamba hamtukani mtu. Kwenye kundi lile, hiyo ya mwisho ilikuwa sifa kubwa.

"Muga, mwalimu," Gatakaa alimsalimia. Nyuma yake shoka la bucha lilikuwa likikata mifupa. "Usizime kitu. Kwanza niambie, hiyo picha ni ya nani kutazama?"

Rwamba alikuwa amejitayarisha kuulizwa nambari na majina ya kadi. Akaeleza habari ya jicho, na bwawa, na saa nane.

Kisha akamsikia Gatakaa akimwambia mteja, "Mzee, wewe utarudi kesho. Leo niko na mgonjwa Karurumo." Mlango ukafungwa, shoka likasikika kwa mbali.

"Sasa shika Control, Alt na F3, zote pamoja."

Weusi ukaondoka. Yakatokea maandishi meupe yakiuliza jina. Rwamba karibu alie kwa kuona tu kwamba kompyuta iko hai.

"Tuijue kadi yenyewe. Andika er, es, pi, si, ai. Zishikane."

Rwamba akaandika. Kompyuta ikamjibu kwamba amri hiyo haiko.

"Imekataa."

"Soma ulichoandika."

"R, S, P..."

Gatakaa akaangua kicheko kirefu. Sisi watu wa Mlima Kenya, Mungu alipogawa L na R tulikuwa shambani. Tukafika jioni, tukapewa zote mbili kwa mfuko mmoja. "Si R, mwalimu. Nimesema er. Er ya Laare."

"Laare ya miraa?"

"Hiyo. Na nikitaka ile nyingine nitakwambia R ya Runyenjes. Tusipotezane tena."

Basi wakasafiri hivyo. Laare, S, P, C, I, na kadi ikajitaja. Rwamba akasoma jina lake herufi kwa herufi.

"Sawa. Hiyo ni kadi ya zamani. Walioiunda waliacha kuishughulikia, kwa hivyo huyo mia tano thelathini na tano hata hajawahi kuiona. Umempa kijana gari la babu yake. Anayeijua ni mia nne sabini, ndiye wa mwisho aliyefundishwa njia hiyo."

"Na wewe si ni mtu wa huria? Kwenye kundi umetuhubiria mwaka mzima."

"Mimi ni wa huria hadi kaburini. Huyu mia nne sabini amefungwa, siwezi kumfungua nimwone moyo, na simpendi." Alisema bila hasira. "Lakini si mimi nitatazama. Mama yako akishaenda hospitali, utamrudisha yule wetu. Leo tumchukue anayeenda bila kurusha abiria."

Rwamba alishawahi kukutana na wajuzi, wale wa kukujibu nusu ili ujue umewasumbua. Huyu alikuwa ameweka kando mteja wake, na imani yake pia, kwa ajili ya jicho la mwanamke wa Kiambere asiyemjua. Moyoni akamheshimu kuliko watu wengi aliokula nao.

Wakamwondoa dereva mbaya: neno la kuondoa lilikuwa na R ya Runyenjes katikati. Wakamwita mzuri: neno la kumwita lilikuwa na Laare mbili mwishoni, zikifuatana. Intaneti ya shule ilikuwa ikijikokota. Saa sita ikapita. Rwamba akawa anapaza sauti kila dakika, "Dereva bado! Dereva amefika nusu! Dereva wa zamani ndiye anayejua njia!"

Ciakuthii akatokea mlangoni akipapasa ukuta. "Muchangi amekataa kutupeleka?"

"Hapana, maitu," Rwamba alimjibu mama yake. "Anakuja."

"Basi huyo mzee mnayemtafuta ni wa nini? Muchangi anaijua njia ya Embu."

Gatakaa alisikia yote kwenye simu, akakohoa ili asicheke. Rwamba akamketisha mama kitini, mbele ya kioo cheusi, akamwambia asubiri kidogo.

Saa nane kasorobo kompyuta ilizimwa na kuwashwa. Rwamba alishika meza kwa mikono miwili. Kioo kikakaa cheusi, kikaendelea kukaa cheusi, kisha rangi ikafurika na picha zote zikajipanga mahali pake. Akafungua boma. Akasukuma kipanya, na lango likaja polepole, laini, bila kuruka hata mara moja.

"Inaenda," alimwambia Gatakaa.

"Niache kwenye laini. Sitasema kitu."

Mama alisogeza uso hadi karibu kugusa kioo, akaligeuza jicho la kulia kidogo kando, pale kitundu cha mwanga kilipobaki. Mukau ukapita. Ghala likapita. Nje honi ikalia, mlango ukafunguliwa, Muchangi akaingia na funguo mkononi.

"Mama, twende. Daktari anataka tufike mapema."

Ciakuthii aliinua kiganja kumnyamazisha, jicho likiwa bado kwenye njia ya kuteremka mtoni.

"Mwambieni dereva apunguze mwendo," alisema. "Hapa ni kwetu."

Muchangi alitazama funguo zake, asijue amekosea wapi. Rwamba aliachilia kipanya, picha ikasimama mbele ya mlango wa nyumba ya bibi yake aliyemzaa mama, na kwenye simu, huko Majengo, akamsikia Gatakaa akilia taratibu.