Nyumba Isiyo na Mlango

Mathilde ndiye aliyewaangalia watoto katika hema la michezo pale kambi ya wakimbizi ya Kenani, tangu alipovuka ziwa kutoka Kilwa, mji wao wa ng'ambo, akiwa amembeba Chouchou, binti wa dada yake. Dada mwenyewe alipanda mtumbwi wa pili. Mtumbwi ule haukufika.

"Mama iko njiani," Mathilde alimwambia mtoto kila alipouliza, na mwaka ukapita jibu likiwa lilelile.

Hemani mlikuwa na sanduku la vitofali vya plastiki vya kujengea, pamoja na vilango vyekundu vya kufungua na kufunga. Kila siku Chouchou alijenga nyumba, akaacha mlango wazi. Vilango vikavunjika kimoja baada ya kingine. Sanduku jipya lilipoletwa, mtoto alilipekua mpaka chini, akamwinulia Mathilde uso.

"Tantine, milango iko wapi?"

Mathilde akamuuliza Kunda, mhudumu wa kambi aliyelileta.

"Kampani ilishaacha kuitengeneza, mama. Watoto wadogo walikuwa wanaimeza. Hata ukitafuta sanduku zote, hautaipata tena."

Mathilde akapanga ukuta, akaacha nafasi katikati. "Mulango ni huu."

"Hii ni tundu," Chouchou alisema. "Tundu haifungike."

Akaacha kujenga. Siku tatu alikaa akitazama mikono yake tu.

Basi Mathilde akaenda kwa Apollinaire, seremala jirani yao. Mzee hakucheka. Alichukua ubao wa kreti la samaki, akachonga vilango sita, akavitia bawaba za mpira wa ndani wa baiskeli.

Chouchou alipovipata, alijenga nyumba ndogo kuliko zote alizowahi kujenga. Akatia mlango. Kisha, kwa kidole kimoja, akaufunga.

"Leo hauuachi wazi?" Mathilde aliuliza.

"Mama hatakuya, tantine. Weye unajua."

Mathilde akaketi mkekani, akampakata mtoto, na kwa mara ya kwanza akamlilia dada yake kwa sauti, mbele ya watoto wa watu.

Jumamosi wakaweka matanga. Hapakuwa na maiti wala kaburi. Apollinaire alileta mabenchi, majirani wakaja na bukari, ugali wa kwao, na samaki. Katekista alipouliza jina la marehemu, Mathilde alikuwa akijifuta machozi.

"Georgette," Chouchou akasema. "Ni mama yangu."