Simba Huyu Siye

Mwaka 1992, mpunga ulipoanza kuiva, simba aliua watu watatu katika bonde la Mkongo, wote wakiwa kwenye madungu, vile vibanda vya juu vya kulindia shamba. Wa tatu alikuwa Zena, binti wa Bi Hadija.

Gaudens, bwana nyama, yaani askari wa wanyamapori, aliyehamishiwa hapo kutoka Bukoba, alifuata nyayo siku nne. Mguu mmoja wa mbele ulikosa kidole. Lakini kijijini watu walishakubaliana kwamba simba ametumwa, na aliyemtuma ni Salumu. Tangu biashara ya watu binafsi iruhusiwe, Salumu alikuwa akinunua ufuta na kuupeleka Ikwiriri, na nyumba ya bati pale ilikuwa yake tu. Alipewa hadi Ijumaa awe amehama.

Alhamisi asubuhi Gaudens alimkuta simba jike kwenye matete, akamwangusha. Watu walikuja mbio na vigelegele na ngoma. Gaudens alipiga magoti, akaishika miguu mmoja mmoja. Vidole vyote vilikuwepo.

Swalehe, mwenyekiti wa kijiji, alimvuta kando.

"Bwana nyama, nyamaza. Watu wameridhika. Salumu amepona."

"Na wakirudi madunguni leo?"



Gaudens akawarudia watu. "Ndugu zangu, simba huyu siye. Msilale mashambani."

Ngoma ikakatika. "Basi Salumu kamficha!" mtu alipaza sauti, na wanaume wakaanza kuelekea kwa Salumu.

Bi Hadija aliwatangulia, akaketi mlangoni pa Salumu.

"Nilimsikia mwanangu akiliwa," alisema. "Aliyemla alikuwa mnyama, ana njaa. Mkichoma nyumba hii kwa jina la Zena, nichomeni na mimi."

Mmoja mmoja wakatawanyika.

Salumu alihama hata hivyo. Madungu yalibaki matupu, nguruwe wakala nusu ya mpunga, na watu wakamtukana Gaudens usoni. Siku ya kumi na saba baada ya hapo alimpiga risasi yule asiye na kidole, dume lililokonda, taya limeoza. Safari hii hakuna aliyepiga ngoma.

Alikwenda Ikwiriri kumwambia Salumu arudi.

"Walionifukuza wapo?"

"Wapo."

"Basi mimi nipo huku." Salumu aliendelea kushona gunia la ufuta. Baadaye akasema, "Shamba langu mwambie Bi Hadija alime yeye."