Sauti ya Pili ya Dorice

Watu wa Mpanda wana huruma mpaka inakera. Ukiteleza kwenye wimbo kanisani hawakucheki, wanakusaidia. Benchi zima linakupokea, linakuvuta mpaka urudi njiani. Huruma hiyo ndiyo iliyomliza Dorice.

Kwaya yao pale Shanwe ilikuwa ya watu tisa tu, na kiburi chao kizima kilikuwa hiki: nyimbo za vitabuni waliziachia kwaya kubwa. Wao waliimba nyimbo mpya tu, nyingi za Maximilian, mume wa Dorice, fundi cherehani aliyeandika nota nyuma ya karatasi za vipimo vya suruali. Mwaka wa tisini na sita koo likamshika, sauti ikakauka. Akaandikiwa barua ya hospitali kubwa Dar es Salaam, aondoke na treni ya Jumatatu. Alitaka kitu kimoja tu kabla ya safari: ausikie wimbo wake wa mwisho kama alivyouandika.

Na alivyouandika, jamani! Mahali fulani sauti ya kwanza inatua kwenye nota ya do, ya pili inabaki kwenye ti, chini yake pale pale, zinakwaruzana mapigo manane mpaka meno yanasisimka. Sauti ya pili ni Dorice.

"Mama Luhende, usihame," Maximilian alimwandikia mkewe, maana kusema kulimuumiza.

Jumapili Dorice aliishika ti yake. Pigo la tatu, jirani yao Mama Suzana, aliyekaa benchi la mbele, akaona mwenzake anapotea. Akampokea kwa do, kwa sauti ya kuitia ng'ombe! Benchi likamfuata, na Dorice akahama. Wimbo ukaisha mtamu, vigelegele vikapigwa. Maximilian aliinamisha kichwa.

"Nimekuokoa, mdogo wangu," Mama Suzana alisema nje. Ungemkasirikiaje mtu kama huyo?

Nyumbani Maximilian aliandika, "Si kitu." Hapo ndipo Dorice alipolia.

Jumatatu wanakwaya wote walikuwa stesheni. Mama Suzana naye alikuja, na karanga za safari. Maximilian alikaa dirishani, amekonda. Huenda asirudi. Dorice alilijua hilo.

Wakauimba wimbo ule, abiria wakageuka. Wakafika pale pa mapigo manane. Sauti ya kwanza ikatua, Dorice akabaki kwenye ti, na pembeni yake akamsikia Mama Suzana anavuta pumzi.

Dorice alimziba mdomo kwa kiganja. Huku anaimba! Nne, tano, sita, sauti zikikwaruzana stesheni nzima, yeye machozi yanamtiririka na ti yake haitikisiki. Saba. Nane.

Treni ikaanza kusogea. Maximilian akatoa kichwa dirishani, na kwa lile koo lake bovu, kwa maumivu yote yale, akapaza sauti:

"Tena!"

Wakaanza upya wakikimbia kando ya behewa, na safari hii Mama Suzana alinyamaza mwenyewe.